Pio Gama Pinto: Msee wa Faili, Baba wa Wasichana Watatu

Ukiuliza vijana wa Nairobi mwanasiasa wa kwanza kuuawa Kenya baada ya uhuru ni nani, wengi watakujibu Tom Mboya. Wengine watasema JM. Pole, wote wamekosa. Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. JM Kariuki aliuawa Machi 1975. Kabla yao wote kuna Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi mchana peupe nje ya nyumba yake hapa Westlands tarehe 24 Februari 1965. Uhuru wetu ulikuwa haujamaliza hata mwaka wa pili. Yeye alikuwa na miaka 37.

Sasa, sitaki kukupatia hadithi ya kifo pekee. Sisi Wakenya tuna tabia moja mbaya: mtu akiuawa tunakumbuka risasi, tunasahau alikuwa anafanya nini siku zote kabla ya risasi. Na huyu msee, siku zake ndizo zenye somo. Alikuwa mtu wa faili, taipureta na nauli ya basi. Alikuwa mume wa Emma na baba wa Linda, Malusha na Tereshka. Ukimpima kwa hotuba hutampata. Mpime kwa kazi.

Alitoka wapi?

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, mtoto wa karani wa serikali ya kikoloni. Familia yake ilikuwa ya Wagoa, watu wenye asili ya Goa kule India. Kama unashangaa Mhindi amepataje majina kama Gama na Pinto, jibu ni Wareno. Walishika Goa kuanzia mwaka 1510 na hawakutoka hadi 1961. Ni Wareno haohao waliojenga Fort Jesus Mombasa mwaka 1593, na enzi hizo pwani yetu walikuwa wanaisimamia kutoka Goa. Kwa hivyo historia ya huyu jamaa na historia yetu zilikutana kitambo sana.

Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa India kusoma. Huko akakulia, akaingia jeshi la anga kwa muda, kisha akafanya kazi kwa kampuni ya posta na simu mjini Bombay. Hapo ndipo alipoonja mgomo wa wafanyakazi kwa mara ya kwanza. Akaingia pia kwenye harakati za kung'oa Wareno Goa, na Wareno wakaanza kumtafuta. Wapinzani wao walikuwa wakitupwa Tarrafal, kambi ya mateso kule Cape Verde. Mwaka 1949 akarudi nyumbani Kenya.

Hebu jiweke kwa viatu vyake. Nairobi ya 1949 ilikuwa imepangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mitaa ya kuishi, shule, wodi za hospitali, mshahara, hadi choo, kila kitu kilifuata huo mstari. Mgoa aliyesoma alikuwa na nafasi yake tayari. Ungekuwa karani, ungevaa suti, ungeenda klabu yenu Ijumaa na misa Jumapili, ungestaafu na pensheni. Hakuna mtu angekulaumu. Maisha hayo yalikuwa yamemngoja Pinto mlangoni, na alifanya ukarani kwa muda. Lakini akajifunza Kiswahili, akaanza kuzunguka na watu wa vyama vya wafanyakazi na watu wa KAU, na ikawa basi, hakurudi nyuma.

Kazi isiyo na picha

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 50, Pinto alikuwa anashinda katika ofisi za Wahindi wapenda uhuru pale jengo la Desai Memorial. Alihariri gazeti la Daily Chronicle na kuandikia wengine barua na malalamiko. Halafu tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari. Kenyatta na wenzake wakakamatwa na kupelekwa Kapenguria.

Tunapofundishwa Kapenguria tunafundishwa majina sita. Sawa. Lakini kesi ina mambo mengine mengi. Mawakili wanatoka ng'ambo, watalala wapi? Nani atawatayarishia karatasi? Mashahidi watafikaje Kapenguria, kona ile ya mbali? Pesa zinatoka wapi? Kwenye hayo maswali ndiko utampata Pinto. Alikuwa miongoni mwa watu waliokimbizana na utetezi wa kesi za wapigania uhuru, akiomba michango, akipanga makaratasi, akiandikia wanasiasa wa ng'ambo ili dunia ijue kinachoendelea hapa. Alisaidia familia za waliofungwa. Na alisaidia Mau Mau kwa siri pia, ikiwemo kuwafikishia silaha. Hii ya mwisho ilikuwa kazi ambayo ukishikwa nayo, ni kitanzi.

Wakati huo KAU ilikuwa imepoteza viongozi wake, na mtu mmoja aliyetoka kurudi nchini, Joseph Murumbi, akajikuta anakaimu ukatibu wa chama. Pinto ndiye aliyemshika mkono. Mgoa na huyu Murumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgoa pia na mama Mmaasai, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Shika hilo neno kuzikana, tutalirudia.

Angalia tarehe, zinaumiza. Januari 1954 Pinto anamuoa Emma Dias. Aprili 24 Waingereza wanafunga Nairobi nzima katika Operesheni Anvil na kukusanya makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Juni, Pinto anakamatwa. Ndoa ilikuwa na miezi mitano.

Manda

Hakushtakiwa kortini. Hali ya hatari haikuhitaji korti. Alipelekwa kambi ya Takwa, kisiwa cha Manda, Lamu. Leo ukienda Takwa utaambiwa habari za magofu ya kale, utapanda boti kupitia mikoko, utapiga picha za kuweka kwa status. Vijana wachache wanajua kwamba kisiwa hichohicho kilikuwa jela ya watu waliopigania nchi hii. Achieng Oneko alifungwa huko. Mwandishi Gakaara wa Wanjau alifungwa huko pia na akaandika shajara yake kwa siri.

Pinto alikaa Manda hadi mapema 1958. Babake akawa mgonjwa mahututi. Akaomba ruhusa amwone. Akanyimwa. Mzee akafa bila kumwona mwanawe.

Baadaye akahamishiwa Kabarnet, ambako alizuiwa kutoka lakini angalau Emma aliruhusiwa kuungana naye. Fikiria wewe ni bibi harusi wa miezi mitano, halafu nyumba yako ya kwanza ya maana na mumeo unaipata miaka karibu minne baadaye, Kabarnet, chini ya ulinzi wa DC. Ndoa yao ilianza tena hapo. Aliachiliwa Oktoba 1959.

Watu wengi wangetoka na kusema, nimetoa sadaka yangu, sasa nitafute pesa. Na hakuna ambaye angemlaumu. Pinto alirudi kwa faili zake. Wafungwa wengine walikuwa bado ndani, na familia zao bado zilihitaji msaada. Mwaka 1960 akasaidia kuanzisha gazeti la Sauti ya KANU. Akafanya kampeni za chama. Baadaye akaongoza shirika la magazeti la Pan African Press, lililotoa Sauti ya Mwafrika. Akasaidia pia kusimamisha Taasisi ya Lumumba, chuo cha kufunza makada wa chama, kilichofunguliwa Desemba 1964.

Halafu uhuru ukafika, na shida ikaanza

Hapa ndipo historia ya shule huharakisha. Bendera ilipanda, tukacheza ngoma, mwisho wa sura. Kumbe ugomvi mkubwa ulikuwa unaanza: mashamba ya Wazungu yaende kwa nani?

Serikali ilichagua njia ya kununua. Mzungu analipwa kwa mkopo kutoka Uingereza, na Mwafrika anayepewa shamba analipa deni. Sasa mwambie hivyo mtu aliyetoka kambini, aliyekuta kipande chake kimechukuliwa, asiye na hata senti. Anunue ardhi aliyoipigania? Bildad Kaggia, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, alipinga hadi akapoteza cheo chake cha unaibu waziri mwaka 1964. Oginga Odinga alikuwa upande huo. Na mtu wa kupanga hoja, kuandika, kuhesabu kura na kukimbia huku na huku akiunganisha watu wa upande huo alikuwa Pinto.

Julai 1964 akaingia Bunge kama mbunge maalum. Alikaa humo kama miezi saba tu.

Wapo wanaosema aliuawa kwa sababu alikuwa anatayarisha waraka wa kupinga sera ya uchumi ya serikali, ile iliyokuja kutoka mwaka huohuo wa 1965 kwa jina la Sessional Paper namba 10. Wengine wanasema ni hesabu za ndani ya KANU, nani atarithi nani. Mimi sitakupa hukumu ambayo hata korti haikutoa. Nitakwambia hivi tu: ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliyaweka mauaji yake kwenye orodha ya mauaji ya kisiasa ya nchi hii. Na siku tatu kabla yake, tarehe 21 Februari, Malcolm X alikuwa ameuawa New York. Malcolm mwenyewe alikuwa amepitia Nairobi mwaka wa 1964. Ilikuwa wiki mbaya kwa watu waliouliza maswali makubwa.

Asubuhi ya Jumatano

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Pinto alikuwa na mazoea ya kumpandisha Tereshka, mtoto wake mdogo wa mwaka mmoja na nusu hivi, ndani ya gari na kumzungusha kidogo kabla ya kwenda kazini. Wenye watoto wadogo wanajua hiyo raha, mtoto anafurahia gari kuliko kitu kingine chochote. Tereshka alikuwa kiti cha nyuma. Gari likiwa pale langoni, baba yake akapigwa risasi. Mtoto alibaki ndani ya gari, hai, na baba yake amekufa kiti cha mbele.

Ukisoma tu, unaweza kupita hiyo sentensi haraka. Usipite haraka.

Polisi wakakamata vijana wawili, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Thuo aliachiliwa na korti. Kisilu alihukumiwa kunyongwa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alitoka mwaka 2001 kwa msamaha wa rais, baada ya zaidi ya miaka 35. Siku zote alisisitiza kwamba hakumuua Pinto. Aliingia kijana, akatoka mzee. Waliotuma risasi ile hawajawahi kusimama kortini mpaka leo. Kama Kisilu alisema ukweli, basi ile risasi ilichukua maisha mawili.

Swali gumu: alikuwa baba mwema?

Najua kuna mtu tayari ameshaandika kichwani: "Lakini kama alipenda familia yake, si angetulia?" Ni swali la haki na sitalikwepa.

Emma alilipa bei. Miaka ya kambi aliishi peke yake akifanya kazi. Baada ya uhuru alikuwa na mume ambaye nyumba yake ilikuwa na wageni kila saa, na ambaye pesa zake zilikuwa na miguu, zinatoka kwa mtu mwenye shida kabla hazijafika nyumbani. Waliomjua wanakubaliana juu ya jambo moja: Pinto hakujirundikia mali. Huu ulikuwa wakati ambapo viongozi wengi walikuwa wanapata mashamba na kampuni kwa kusaini tu. Yeye alikufa akiacha mjane na wasichana watatu wadogo, wala hakuna urithi wa kuzungumziwa. Emma alifanya kazi ya usekretari kulea watoto, na miaka michache baadaye akahamia nao Kanada. Akawalea huko peke yake.

Kwa hivyo usiniambie ilikuwa hadithi tamu. Haikuwa. Mtu akiwa wa watu wote, kuna watu watatu au wanne nyumbani wanaogawana mabaki, na hao mara nyingi ni wanawake na watoto. Tunapomsifu Pinto bila kumtaja Emma tunarudia wizi uleule: tunafurahia kazi iliyofanywa kwa gharama ya mtu mwingine.

Lakini pia sikubali hoja ya kwamba angetulia. Kwanza, wafungwa wa Manda, Manyani na Hola walikuwa baba za watu pia. Kila familia aliyoipelekea msaada ilikuwa na Emma wake. Pili, tazama asubuhi ile ya mwisho. Mbunge, mwenye magazeti, mwenye maadui wazito, na bado ametenga dakika kadhaa za kumzungusha mtoto kwa gari. Kwake upendo wa nyumbani na ule wa mtaa haukuwa na ukuta katikati. Alitaka nchi ambayo Tereshka angeishi vizuri, na mtoto wa squatter pia.

Na sisi je?

Ukitaka ushahidi kwamba watu kama Pinto hawajaisha, kumbuka Juni 2024. Kila mtu alipiga picha za barabarani. Lakini kulikuwa na watu wengine: mawakili waliozunguka vituo vya polisi usiku bila malipo, madaktari wa kujitolea waliofungua vituo vya huduma ya kwanza, vijana waliokesha wakiandika majina ya waliokamatwa na waliopotea, na wale waliochangisha doo za hospitali na mazishi kwa simu. Hakuna aliyewaimbia. Pinto angewatambua mara moja. Angeuliza tu faili iko wapi, nani hajafikiwa.

Kuna jambo la pili. Julai 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Watu wakacheka, wakatengeneza mimi. Lakini jiulize, Pinto alihitaji tangazo gani? Makhan Singh, aliyedai uhuru hadharani mwaka 1950 na akakaa kizuizini miaka 11, alihitaji tangazo gani? Bado ukiingia kwa mat unasikia "hawa wahindi" kana kwamba wote walifika jana na mzigo wa dukani. Ubaguzi wa baadhi ya wenye maduka ni kweli, hatufichi. Ila pia ni kweli kwamba damu ya kwanza ya siasa iliyomwagika katika Kenya huru ilikuwa ya Mgoa aliyekuwa upande wa maskini wa Kenya. Hayo mawili yabebe pamoja.

Nchi imemkumbuka kidogo kidogo. Mwaka 2008 uso wake uliwekwa kwenye stempu ya posta. Kwa mtu aliyeandika barua maisha yake yote, stempu si mbaya. Ila ni wangapi kati yetu wamewahi kununua stempu?

Kwa hivyo nakupa kazi ndogo. Mwishoni mwa wiki, badala ya kwenda mall, enda City Park, pale Parklands, kiingilio hakikuumizi. Utakutana na nyani wadogo, shika chakula chako vizuri. Uliza makaburi yako wapi. Pio Gama Pinto amezikwa pale. Na karibu naye, katika bustani ileile, amezikwa Joseph Murumbi, rafiki yake aliyekuja kuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, akajiuzulu mwaka huohuo, na alipofariki mwaka 1990 alitaka alale karibu na Pinto. Nilikwambia ni marafiki wa kufa na kuzikana.

Ukifika hapo, soma jina kwa sauti. Halafu ukirudi mtaani, tafuta yule mtu wa kwenu ambaye huandika majina ya waliofiwa, hukusanya michango ya karo, hupeleka mgonjwa hospitali saa nane usiku na hajawahi kuitwa jukwaani. Kila plot ina mmoja. Muulize anahitaji usaidizi gani. Na usisahau kuuliza watoto wake wanaendeleaje.